Bakteria mgeni kwenye damu ana habari, tusimpuuze

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa wodini na maabara kuhusu wagonjwa wanaojidunga dawa za kulevya.

Mgonjwa wa aina hii akifika na homa kali, sote humfikiria Staphylococcus aureus, na mara nyingi hatukosei: bakteria huyo hukaa kwenye ngozi, na sindano ndiyo humfungulia mlango. Shida huanza maabara inapoleta jina tusilolizoea, kwa mfano Bacillus cereus. “Sampuli imechafuka,” tunasema, na jibu linaishia kwenye faili. Kwa wagonjwa wengi ni kweli. Kwa anayejidunga, huyo bakteria wa udongoni anaweza kuwa ndiye anayekula vali ya moyo, na dawa za jamii ya penisilini kwa kawaida hazimwezi.

Tena vali yenyewe mara nyingi ni ile ya upande wa kulia. Vipande vya uchafu hukatika na kwenda mapafuni, mgonjwa akakohoa na kubanwa kifua, nasi tukamtibu nimonia huku moyo ukiharibika.

Jina geni linaeleza mtu alivyojidunga. Pseudomonas na Serratia hupenda majimaji, kwa hiyo tuulize maji ya kuchanganyia yalitoka wapi. Eikenella corrodens huishi kinywani. Akionekana kwenye damu, yawezekana mtu hulamba sindano kabla ya kujidunga. Nilimuuliza hivyo mgonjwa mmoja, bila kumkaripia. Akanijibu kwamba alidhani anaisafisha. Miaka yote ya kulazwa na kuruhusiwa, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Wakati mwingine uchafu umo ndani ya dawa yenyewe. Mwaka 2000 bakteria aitwaye Clostridium novyi aliwaua watu wengi waliojidunga heroini Uskoti, Uingereza na Ireland. Kuanzia Desemba 2009 ikaja kimeta, ikaanzia Uskoti, na huko peke yake wakahesabiwa wagonjwa 119, waliothibitishwa pamoja na walioshukiwa. Wengi hawakuwa na kile kidonda cheusi tulichofundishwa. Walikuwa na uvimbe mkubwa tu mahali walipojidunga. Kupasha moto kijikoni hakuwaokoi watu hawa, kwa sababu mbegu za bakteria hao huvumilia joto la muda mfupi.

Basi ninachoomba ni hiki. Damu ya kuotesha bakteria maabara ichukuliwe mara 2 au 3, kwenye mishipa tofauti, kabla ya antibiotiki kuanza. Bakteria yuleyule akiota kwenye chupa za mishipa tofauti, neno la kuchafuka kwa sampuli lisisemwe haraka. Maabara nayo iambiwe kwenye fomu kwamba mgonjwa hujidunga, maana wengine kama Eikenella huota taratibu na chupa ikitupwa mapema hawaonekani. Na anayemhoji mgonjwa amuulize kuhusu maji, mate na sindano kama anavyouliza kuhusu mzio.

Kuna jambo moja zaidi. Vali ikishaambukizwa, matibabu mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6. Anayetoroka wodi siku ya pili tunamwita mkaidi, kumbe anakimbia arosto, yaani mateso ya kukosa heroini. Apewe methadoni, dawa ya kutuliza arosto hiyo, tangu usiku wa kwanza, sambamba na antibiotiki.

Muuguzi, wodi ya magonjwa ya ndani