Barua ya wazi kwa mliojaliwa mtoto wa kwanza: ulizeni aligonga nini

Wanangu,

Marahaba, najua mmekwisha kuniamkia. Nawaandikia ninyi mnaolea mtoto wa kwanza katika chumba na sebule, nyumba za kupanga, ambako kitanda, kabati, televisheni, mtungi wa gesi na mtoto vinagombea nafasi moja. Mimi ni seremala, nimezeekea kwenye randa na msasa hapa Keko, na vitu vingi vinavyowatia watoto wenu nundu tumevitengeneza sisi mafundi. Kwa hiyo nina la kusema.

Mtoto akiumia, nyumba nzima hukimbilia swali moja: "Nani alikuwa anamwangalia?" Baba anamgeukia mama, mama anamgeukia dada wa kazi, dada analia kuliko mtoto. Swali hilo halijapunguza nundu ya mtu. Anayejifunza kutembea huanguka mara nyingi kwa siku, na mkimwekea walinzi watatu ataanguka mbele ya wote watatu. Ulizeni aligonga nini. Hapo mtapata kitu chenye kimo, chenye pembe, kinachoweza kusogezwa.

Kuanguka kwenyewe kumo katika umbo lake. Mtoto anapozaliwa, kichwa ni karibu robo ya urefu wa mwili wake. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Uzito wake uko juu. Akipepesuka kichwa hutangulia, na mikono bado haijajua kuwahi chini.

Sasa chukueni futikamba. Meza ya kulia huwa tunaipa kimo cha sentimita 75. Mtoto wa mwaka mmoja ana karibu kimo hichohicho: anaingia chini yake akitambaa, anainuka, anajigonga utosi. Akifika miaka miwili ana sentimita 85 au zaidi kidogo, na pembe ya meza ileile sasa iko usawa wa jicho lake, tena huyo ndiye mwenye mbio. Lakini mbaya zaidi ni meza ndogo ya sebuleni, ya sentimita 40 au 45, kwa sababu iko katikati ya njia. Mtoto akijikwaa kwenye ukingo wa mkeka, kipaji cha uso kinaishia pale. Ikiwa ya kioo cha kawaida, hicho kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali. Mpelekeeni mama mkwe aitunze miaka miwili. Wageni watashika vikombe mkononi, hawatakufa.

Msioweza kuiondoa, shughulikieni pembe. Sponji ya godoro inabonyea yote na mtoto anainyofoa akaitafuna. Mimi hutumia ndala kuukuu: kata kipande cha soli, kichonge kwa ndani kikae kwenye pembe, kibandike kwa gundi ya fundi viatu. Kiminye kwa kidole gumba kwa nguvu. Ukiisikia mbao, ongeza unene. Kila wiki kivute uone kama kimelegea, maana kikibanduka kinaingia mdomoni na kinaweza kumkaba. Na mnaoagiza samani mpya, mwambieni fundi kabla hajapiga vanishi: zungusha pembe zote. Aweke kitako cha chupa ya soda juu ya pembe, achore, akate, apige msasa. Akikwambia mninga ni mgumu mno kwa kazi hiyo, tafuta fundi mwingine.

Kabati la nguo na televisheni siviweki kwenye hesabu ya nundu, kwa sababu vikimwangukia vinaua. Mtoto huvuta droo ya chini, akaifanya ngazi. Vitu vizito vikae chini, na kabati lifungwe ukutani kwa kona za chuma na parafujo. Mwenye nyumba akikataa ukuta usitobolewe, ingizeni vipande vyembamba vya mbao chini ya miguu ya mbele ili kabati lilalie ukuta. Haitoshi kama parafujo, ila ni afadhali. Televisheni ishushwe kwenye meza pana na fupi, waya zake zipite nyuma. Na vile vitambaa vya kufuma vyenye pindo refu, vinavyoning'inia mezani huku juu yake kuna chupa ya chai, vikunjeni muweke kabatini. Najua ni zawadi ya harusi.

Viti vya plastiki vipangeni kimoja juu ya kingine, visukumeni pembeni. Mtoto akikishikilia kimoja ajivute asimame, kinamjia usoni. Mbuzi ya kukunia nazi isilale nyuma ya mlango: itundikeni. Mlangoni kwenyewe kunjeni kanga mwiviringishe juu ya ubao ili upepo usiufunge kwenye vidole. Marumaru yakilowa yafuteni papo hapo, na ndani ya nyumba mtoto atembee pekupeku, soksi zinateleza. Ndoo isiachwe na maji, hata ya kina cha vidole vitatu.

Kitandani hali ni nyingine. Karibu mwezi wa nne mtoto huanza kujipindua, mara nyingi siku ambayo hamkuitarajia, na chandarua kilichochomekwa hakimzuii. Mito mnayompangia pembeni ni hatari zaidi, anaweza kufukia uso akakosa pumzi. Akiwa macho, mtandikieni mkeka sakafuni.

Kile kigari cha magurudumu cha kumfundisha kutembea, mkiletewa zawadi, shukuruni halafu mng'oe magurudumu. Hakiharakishi kutembea. Kinampa mwendo ambao miguu yake haijaustahili, hadi kwenye ngazi au kwenye jiko. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Mkishamaliza hayo, mwacheni aanguke. Sitaki kusikia mtoto amefungwa mgongoni mchana kutwa kwa hofu ya nundu. Anaipata mizani yake kwa kuipoteza, na sakafu iliyo wazi yenye mkeka inamtosha.

Nundu ikitokea, mpakateni kwanza. Barafu ifungwe kwenye kitambaa isiguse ngozi, au kitambaa cha maji baridi, kwa dakika kumi hivi. Msikande kwa maji ya moto siku hiyo, wala msiikandamize ili irudi ndani, hata bibi akisisitiza. Lakini akitapika tena na tena, akisinzia asiamke sawasawa, akipata degedege, akitoka damu au maji puani au masikioni, utosi wake ukivimba, au akikataa kunyonya, hospitali palepale. Aliye chini ya mwaka mmoja akigonga kichwa kwa nguvu, mpelekeni hata kama anacheka.

Hapo ndipo lile swali la "nani" linapoleta madhara. Dada aliyefokewa kwa nundu ya Jumatatu ataificha ya Alhamisi. Atampaka mafuta mtoto, atamvika kofia, ninyi mtarudi jioni mkute mtoto kalala na mtasema leo kalala mapema. Mkirudi mkute alama usoni, kaeni chini, mwambieni awaonyeshe mahali penyewe. Asipoogopa atawaambia ilikuwa saa ngapi, alianguka kutoka wapi, kama alilia mara moja au alinyamaza kwanza, kama amekula tangu hapo. Daktari akiwauliza, hayo ndiyo atakayotaka kuyajua, na mwenye nayo ni dada peke yake.

Wasalaam,
Fundi wenu mzee,
Keko, Dar es Salaam