Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliokwama kwenye Ibara ya 30

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama hapa nikaahidi kwamba kufikia Desemba tutakuwa tumeisoma Katiba ya Tanzania ya 1977 mwanzo hadi mwisho. Hatukufika hata nusu. Ibara ya 19, ya uhuru wa dini, tuliivuka kwa kuzozana, ya 30 ikatushika vikao vinne. Siombi radhi sana, maana hatukuwa tumelala.

Kwanza niseme la nakala. Kwenye ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, tulibishana karibu nusu saa. Upande mmoja ukisoma "bila ya kuathiri sheria za nchi", upande wa pili ukiapa maneno hayo hayapo. Kumbe wote walikuwa wakweli: waliotoa kopi steshenari walipewa maandishi ya kabla ya marekebisho ya 2005 yaliyoyaondoa maneno hayo. Naomba kopi hizo zikafungie vitumbua.

Kilichotutia moyo ni ibara ya 64, inayosema sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili. Mzee wetu wa safu ya mbele akauliza swali lililoharibu raha: na nani ataitamka batili hiyo, na akishaitamka nini kinafuata? Jibu liko ibara ya 30(5). Mahakama Kuu inaweza, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro, na sheria ikahesabiwa halali mpaka irekebishwe au muda uishe, lolote litakalotangulia.

Mfano tuliotumia ni kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana aliyeipinga mahakamani Sheria ya Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ukapita, marekebisho hayakuja. Kwa maneno ya ibara yenyewe, muda ukiisha uhalali nao unakwisha. Lakini kitabu cha sheria hakijifuti chenyewe, na mzazi anayetaka kuozesha hasomi hukumu.

Hapo ndipo kikao cha Julai kilipochafuka. Ndugu yetu mmoja alisema umri wa kuoa ni jambo la dini, na ibara ya 19 imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Dada yetu muuguzi akamjibu kwamba yeye huwapokea wodini wasichana hao, na hajawahi kuona cheti cha dini kikisaidia uzazi. Sauti zikapanda, yangu ikiwemo. Msimamo wangu sijaubadili: ibara ya 19 inalinda imani, ibada na mahubiri, na Bunge halina ruhusa ya kuniambia nisali vipi. Ndoa ni habari nyingine. Tangu 1971 sheria moja inazitambua ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali, na hakuna jumuiya ya dini inayoirudishia Serikali cheti chake cha ndoa. Waliopinga wana haki ya kuendelea kupinga. Kumbukumbu za kikao zimeandika hoja zao bila kupunguza.

Kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, nitasema kwa kifupi. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyeidai haki hiyo, alishinda Mahakama Kuu katika miaka ya 1990, Bunge likaibadili Katiba yenyewe. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua, na 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikampa haki. Wanaodhani Bunge linafungwa na Katiba tu wakumbuke pia nani mwenye kalamu ya kuibadili: theluthi mbili ya wabunge, kwa ibara ya 98.

Ada zimelipwa na wanachama wengi, si wote. Mweka hazina ana orodha na hana haya. Yeye mwenyewe amemaliza muda wake, hivyo leo tunachagua mwingine. Kikao cha Januari kitarukia ibara ya 97, jinsi muswada unavyokuwa sheria. Njooni na nakala mpya.

Mwenyekiti