Wanaotuuzia pikipiki za umeme watupe mchoro wa kontrola

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotuuzia pikipiki za umeme hapa Kisumu. Mimi ni fundi wa mota Kibuye. Kazi nilirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa akisuka koili za mota za mashine za kusaga na pampu, nami nimeifanya kwa miaka 19. Mota za baba hazikuwa na siri. Unafungua, unahesabu mizunguko ya waya, unapima unene, unasuka upya. Fezi zake tatu, yaani mikondo mitatu ya umeme inayopishana, zilitoka kwenye nguzo ya stima zikiwa zimeshapangwa, zikipanda na kushuka mizunguko 50 kwa sekunde.

Pikipiki haina nguzo. Ina betri, na umeme wa betri haupandi wala haushuki, kwa hiyo kontrola, kisanduku kilicho kati ya betri na mota, ndiyo inayoukatakata. Ndani mna swichi sita, mosfeti, mbili kwa kila fezi: ya juu huunganisha waya wa mota na chanya, ya chini na hasi. Kompyuta ndogo huziamuru ziwake na kuzima kwa zamu, ili waya wa njano, wa kijani na wa bluu ipokee umeme ikipishana kwa theluthi ya mzunguko. Kontrola niliyoipima juzi ilikuwa ikitoa amri 16,000 kwa sekunde.

Hatari iko hapa. Swichi ya juu na ya chini za fezi moja hazifai kuwaka pamoja hata kidogo, maana hapo chanya na hasi za betri zinakuwa zimegusana. Ndiyo sababu kompyuta ikishazima moja husubiri kidogo kabla ya kuwasha ya pili, muda wa kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, pengine pungufu. Karakana kwetu tunauita pumzi.

Mwezi wa Aprili kijana wa boda kutoka Kondele aliniletea pikipiki ya volti 72 ikisukumwa. Kontrola ilikuwa imeshatengenezwa mahali kwingine, ikafanya kazi siku mbili, ikafa. Nilikuta mosfeti mbili za fezi ya kijani zimepasuka, nikaweka mpya. Alipovuta aksileta tulisikia mlio kama wa risasi na moshi ukatoka. "Mama, na hii ndiyo inalipa karo," akaniambia. Sikulala vizuri usiku huo.

Kesho yake niliweka mosfeti nyingine, ila safari hii nikapitisha waya mnene wa chanya kwenye balbu ya wati 100, ili chanya na hasi zikigusana iwake balbu badala ya kupasuka mosfeti. Nikachomoa waya tatu nene za mota, nikaacha zile nyembamba za sensa, zinazoiambia kompyuta gurudumu limefika wapi, nikazungusha gurudumu kwa mkono polepole. Njano, balbu giza. Bluu, giza. Zamu ya kijani ilipofika, balbu ikawa nyekundu. Nikachukua kioo cha kukuza, nikalinganisha moja moja rizista ndogo, vipande vinavyobana umeme, za geti, yaani mguu wa mosfeti unaopokea amri. Za njano na bluu zimeandikwa 100. Za kijani zimeandikwa 101.

Anayejua alama hizo ameshaelewa. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya sifuri: 100 ni omu 10 (omu ni kipimo cha kubana umeme), na 101 ndiyo omu 100. Fundi wa kwanza alisoma 100 akadhani ni omu mia, akatafuta za mia akaziweka. Geti ya mosfeti ni kama debe la maji: likijaa swichi inawaka, likikauka inazima, na rizista ndio mrija wa kulijaza na kulimwaga. Ukibana mrija mara kumi, debe linachelewa kukauka. Swichi ya chini ilikuwa bado haijazima, ya juu ikawashwa. Pumzi yote ilikuwa imeliwa. Nilibadilisha rizista, na pikipiki inatembea mpaka leo.

Simlaumu fundi yule. Karatasi moja ya mchoro ingemwambia "omu 10", na kijana asingepoteza wiki nzima bila kazi. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo haitolewi. Nilipiga simu kwa wakala mmoja, nikaambiwa kontrola haitengenezwi, nunua nyingine, shilingi 17,500. Wengine humimina gundi nyeusi ndani, au hukwangua nambari juu ya chipu kwa msasa. Nambari ikikwanguliwa hivyo, fundi hubaki kukisia, na anayekalia matokeo ya kukisia ni abiria aliye juu ya pikipiki.

Siombi programu yao. Naomba mchoro wa upande wa nguvu, nambari za mosfeti na za chipu zinazoendesha geti, thamani ya rizista, na urefu wa pumzi. Serikali iandike hivyo katika masharti ya kuuza vyombo hivi nchini.

Na mota za fezi tano na sita zipo. Mimi nazitamani. Fezi moja ikifa, kompyuta inaweza kupanga upya amri za zilizobaki, mota ikaendelea kuzunguka kwa nguvu pungufu, wakati ya fezi tatu mara nyingi hutetemeka tu na kugoma kuondoka. Hebu fikiria mvuvi wa Dunga aliye mbali na ufuo, upepo umeamka ziwani, fezi moja imekatika lakini mashua yake ya mota ya umeme bado inarudi nyumbani. Lakini fezi tano ni swichi 10, na sita ni 12. Kama hizi sita tunazitengeneza gizani, hizo tutaziingiaje?

Kwenye meza yangu sasa kuna kontrola nyingine, ya mama anayebeba mboga kutoka Ahero. Chipu yake kubwa imekwanguliwa, na mwenye pikipiki anapita kila jioni kuuliza. Kampuni iliyoiunda ikisoma barua hii, itume karatasi moja tu na nitaimaliza siku hiyohiyo.

Fundi wa mota,
Kibuye, Kisumu