Mpinzani hawi peke yake

Kwa Mhariri,

Jumapili iliyopita wakazi wa mtaa wetu hapa Eastlands walifanya mkutano. Mama mmoja akasimama, akauliza pesa za kukarabati tangi la maji zimeendea wapi. Katibu hakumjibu. Nilikuwa nimeketi kando yake, nikaiona kalamu ikiandika: "Wapinzani wa kamati walizua swali." Mtu mmoja, swali moja, tayari ni wapinzani!

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na neno hili linaniuma. Shina lake ni pinga, yaani kuweka kitu kikingame njia. Ndiko lilikotoka pingo, ule mti wa kufungia mlango, na pingamizi tunazosikia mahakamani. G imegeuka z, kama tunga inavyozaa mtunzi na jenga mjenzi. Lakini tazama -an- iliyo katikati. Ni ile ya kutendana: kupendana, kugombana, kushindana. Haimtoshi mtu mmoja. Mpinga anakitaja tu anachokikataa, ndiyo maana Biblia ina mpinga Kristo. Mpinzani sharti awe na mwenzake. Ukiniita mpinzani wako, nawe ni wangu, na tumesimama uwanja mmoja.

Ndivyo wapenzi wa kandanda wanavyolielewa. Gor Mahia na AFC Leopards ni wapinzani tangu zamani, na mechi yao inaitwa debi ya Mashemeji. Shemeji, Bwana Mhariri, si adui!

Siasa ndiyo iliyolichafua. Jaramogi Oginga Odinga aliongoza chama cha upinzani cha KPU bungeni kuanzia 1966, na 1969 chama kikapigwa marufuku. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliingizwa katika katiba ya Kenya, chama tawala cha KANU kikabaki peke yake kisheria hadi Desemba 1991. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati huo tunakumbuka aliyeuliza swali alivyoitwa mpinga maendeleo. Vyama vingi viliporudi, mpinzani akapata kiti bungeni, ila ile harufu ya uasi haikumtoka.

Naomba waandishi wako wamwite aliyeuliza swali aliyeuliza swali, na aliyekosoa mkosoaji. Mpinzani awe yule tu anayeshindana na mwenzake.

Katibu wetu nimemwomba afute neno lile aandike "mkazi aliuliza". Kumbukumbu zitasomwa mkutano ujao, na yule mama bado anangoja kuambiwa habari za tangi.

Mwalimu mstaafu,
Nairobi