Nyumba za wageni zinatuhamisha Naivasha

Mhariri,

Mimi hufua mashuka na kusafisha nyumba ambazo wageni hukodi kwa siku mbili tatu hapa Naivasha. Kazi hiyo ndiyo inayonilipia karo na unga, kwa hivyo sina kinyongo na watalii. Ninaandika kwa sababu mojawapo ya nyumba ninazosafisha nilikuwa nimeipanga mimi kwa miaka sita.

Ni nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya pili, si mbali na barabara ya Moi South Lake. Nilikuwa nikilipa Sh9,000 kwa mwezi na sikuwahi kudaiwa kodi. Mwaka jana, siku ya 11 ya mwezi, mwenye nyumba alinitumia ujumbe wa simu: nihame kufikia mwisho wa mwezi, anataka kukarabati. Nikahamia Karagita na wanangu wawili, chumba kimoja, choo cha kutumia pamoja na wapangaji wengine saba. Baada ya miezi mitatu keateka, msimamizi wa jengo nililohama, akanipigia kuniambia kuna kazi ya usafi.

Nilipofika nilikuta kisanduku cha ufunguo, cha kufunguliwa kwa tarakimu, kimepigiliwa mlangoni. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya kijivu. Picha ya flamingo ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ule ule niliougongomelea mwenyewe wa kuning'iniza kalenda. Usiku mmoja humo sasa ni Sh3,500, na wiki ya mbio za magari za Safari Rally bei huongezwa zaidi ya mara mbili. Nilisafisha, nikalipwa Sh500, nikaondoka. Sikuwaambia watoto.

Katika jengo hilo la nyumba kumi na mbili, tano sasa ni za wageni. Jumatatu hadi Alhamisi nyingi huwa zimefungwa, hazina mtu. Ninajua kwa kuwa funguo ninazo.

Mji huu ulikuwa na uhaba wa nyumba hata kabla ya haya. Mashamba ya maua yameleta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka wa 2020 ziwa lilipofurika na kuingia mtaa wa Kihoto, familia nyingi zilihama zikaanza kutafuta vyumba kulekule tulikokuwa sisi. Kisha 2021 mbio za magari za dunia zikarudi Kenya baada ya miaka 19, zikaletwa hapa kwetu, na wenye majengo wakaona pesa ilipo. Siwalaumu kwa kutafuta faida. Ninachouliza ni nani anayemwangalia mpangaji.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inamlinda anayelipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Hata hicho chumba changu cha Karagita kimepita hapo! Baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi Januari 2024, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ilitaka wenye nyumba hizo wajisajili. Ni vyema, mgeni alale salama. Lakini usajili huo haumuulizi mtu ni nani alihamishwa ili kitanda cha mgeni kiingie.

Nimesikia redioni kwamba New York, tangu Septemba 2023, huwezi kumkodishia mgeni nyumba nzima kwa siku zisizofika 30. Hapa sitaki tufike huko, maana nami nitakosa kazi. Ila Katiba imezipa kaunti leseni za biashara, utalii wa mashinani na nyumba, vyote vitatu. Basi kaunti yetu ya Nakuru iweke leseni kwa kila nyumba ya wageni, iweke kikomo cha nyumba hizo katika jengo lenye wapangaji, na atakayetaka kugeuza nyumba inayokaliwa atoe notisi ya miezi mitatu kwa maandishi. Miezi mitatu ingetosha kumalizia muhula mwanangu mkubwa, aliyebadilisha shule katikati ya mitihani.

Mswada wa fedha wa kaunti, unaopanga ada za leseni, huletwa kwa wananchi watoe maoni. Ukifika Naivasha nitakuwa hapo, na nyumba ninazosafisha nitazihesabu mbele ya waheshimiwa, moja baada ya nyingine.

Mama wa watoto wawili,
Karagita, Naivasha