Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kifungua Kinywa cha Mtu Mmoja

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo pamoja na za nyumba nzima. Sisi ni wazima, na ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima vilevile.

Nimesoma kwa makini uliyoniandikia kuhusu asubuhi zako: kwamba unakunywa chai kwa vipande viwili vya mkate, unatoka mbio, na ifikapo saa nne tumbo linanguruma hata kazi iliyo mbele yako huioni. Umesema pia kwamba vitu vitamu havipiti kooni mapema hivyo, kwamba chakula baridi hukitaki, na kwamba huoni sababu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja. Kuhusu utamu na ubaridi nakuunga mkono kabisa, kwa maana chakula cha moto chenye chumvi kidogo na harufu ya kitunguu kinaamsha mwili kuliko kitu chochote cha sukari. Hilo la mtu mmoja ndilo ninalolipinga, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mlo wako wa sasa una wanga mwingi na protini haba. Vipande viwili vya mkate wa kawaida vina gramu 5 hadi 8 hivi za protini, ilhali protini ndiyo inayomfanya mtu ajisikie ameshiba kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku, yaani mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi, na wanaofanya mazoezi mazito huhitaji zaidi. Ukiziacha karibu zote zisubiri chakula cha usiku, mchana wako wote utaupitia ukihesabu saa. Mimi ningependa upate gramu 20 hivi kabla hujafunga mlango. Ili uzipate bila kuchelewa, jambo la kuamua ni moja tu, na liamue usiku kabla hujalala: protini ya kesho ni ipi. Ukishaijua, kitunguu, nyanya, mboga ya majani na mkate vitajipanga vyenyewe kuizunguka.

Nianze na mayai, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiyo yatakayokufaa siku nyingi zaidi. Yai moja kubwa lina gramu 6 hivi za protini, kwa hiyo mawili yanakupa 12 na matatu yanakupa 18. Jambo la kwanza, tafuta kikaango kidogo, chenye upana wa sentimita 20 hivi. Usilidharau hili, kwa kuwa wengi wanaojipikia peke yao kwenye kikaango cha familia hushangaa kwa nini mayai yao hukauka: hutandaa yakawa membamba kama karatasi, yakaiva kabla mwiko haujayafikia. Pasha kikaango kwa moto wa wastani, weka kijiko kimoja cha mafuta na kitunguu kilichokatwakatwa, ukiache kilainike kwa dakika mbili. Wakati huo piga mayai kwa uma pamoja na chumvi kidogo mpaka usione tena nyuzi za ute mweupe. Punguza moto, yamimine, kisha tulia. Kingo zikianza kugeuka rangi, yasukume kwa mwiko kutoka pembeni kuelekea katikati, polepole, ili yaliyo mabichi yateremke kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Rudia hivyo mara kadhaa. Utaona mabonge laini yakijijenga, na pale ambapo hakuna ute unaotiririka lakini mayai bado yana unyevu wa kung'aa, epua mara moja, maana joto lililobaki kwenye kikaango litamalizia kazi. Ukingoja yakauke jikoni, mezani yatakuwa magumu na yatatoa maji. Jibini ngumu iliyokwaruzwa, kiasi cha gramu 30, itakuongezea gramu 7 hivi za protini, nayo huyeyuka yenyewe ukiitupia dakika ya mwisho.

Usishawishike na wanaokunywa mayai mabichi kwa kutafuta nguvu. Mbali na hatari ya bakteria wa salmonela, utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mwili hunufaika na asilimia 90 hivi ya protini ya yai lililopikwa, lakini nusu tu hivi ya protini ya yai bichi. Moto huifungua protini hiyo ili tumbo liweze kuivunja, kwa hiyo dakika tano unazozitumia jikoni zinakulipa.

Siku ambayo umebakiwa na mchuzi wa nyanya, usivuruge mayai. Uchemshe mchuzi huo kwenye kikaango hichohicho, uchimbe mashimo mawili kwa mgongo wa kijiko, upasulie yai katika kila shimo, ufunike, na upunguze moto. Baada ya dakika tano au sita ute utakuwa umeganda mweupe, na kiini utakiacha kwa kadiri unavyopenda, ingawa mimi nakushauri kigande. Wakati wote huo una nafasi ya kuvaa viatu na kupanga mkoba wako. Nadhani hiki ndicho kifungua kinywa kinachomfaa zaidi mtu mwenye haraka, kwa sababu hakimtaki asimame jikoni akikikoroga.

Sasa nije kwenye kunde, yaani dengu, maharagwe na jamii zake, ambazo najua unaziona kuwa chakula cha mchana. Dengu ndogo nyekundu, zile zilizokobolewa na kupasuliwa, hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 15 hadi 20. Gramu 200 zikiwa kavu zina karibu gramu 48 za protini. Zipike siku ya mapumziko pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, binzari na chumvi, mpaka zirojeke, kisha uzigawe katika vyombo vitatu vidogo vyenye mfuniko. Kila kimoja kitakupa gramu 16 hivi, na asubuhi kazi yako ni kuongeza maji kidogo, kuzichemsha kwa dakika tatu, na kuweka yai moja juu yake. Hapo umeshafika 22. Kamulia na limau. Vitamini C iliyomo humsaidia mlaji kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye kunde, wakati chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo kikombe chako cha chai kisubiri mpaka baadaye kidogo siku utakazokula dengu.

Kuhusu maharagwe mekundu nakuomba uwe mwangalifu. Yakiwa mabichi au yakiivishwa nusunusu yana sumu ya asili inayosababisha kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na sumu hiyo haiondoki kwa moto mdogo. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali wa kutokota dakika 30 kamili kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yalainike. Kwa sababu hiyo usiyaanzie kwenye chungu cha umeme kinachopika polepole, maana joto lake huenda lisitoshe. Ya kopo yameshaivishwa kiwandani. Yasuuze ili kupunguza chumvi, yakaange na kitunguu na nyanya kwa dakika nne, na yaponde kidogo kwa uma ili mchuzi uwe mzito. Gramu 150 zake zina gramu 10 hadi 13 za protini.

Samaki wa kopo ni wa siku ambayo umechelewa kuamka. Gramu 100 za jodari aliyechujwa zina karibu gramu 25 za protini, kiasi kinachozidi hata lengo nililokuwekea. Watu wengi humla baridi, na ndiyo maana humchoka upesi. Mpashe kwenye mafuta kidogo yenye kitunguu na pilipili manga, mtandaze juu ya mkate uliochomwa, na uonje kabla ya kufikiria chumvi.

Najua uji wa oti umeuzoea ukiwa na sukari. Jaribu kuupika kwa chumvi: gramu 40 za oti katika mililita 250 za maziwa zitakupa gramu 13 hivi za protini, na ukikoroga ndani yake yai lililopigwa, kwa moto mdogo, ukiuchanganya bila kusimama mpaka uwe mzito na laini, utafika 19. Tia pilipili manga na majani ya kitunguu. Usiuache peke yake baada ya kumimina yai, la sivyo litaganda mabongemabonge. Na wiki ambayo mayai yamekwisha, ponda kwa mkono tofu ngumu, ile inayotengenezwa kwa soya, uikaange kwa binzari na nyanya. Hupokea kila kiungo unachoipa.

Ikiwa unatumia maikrowevu, piga mayai mawili kwenye kikombe kikubwa chenye kijiko cha maziwa, uyapashe kwa sekunde 30, uyakoroge, kisha urudie kwa vipindi vifupi mpaka yagande. Kikombe kisijae, kwa sababu mayai huumuka. Yai lenye ganda usilitie humo kamwe, hata kama limekwisha kuchemshwa, kwa maana mvuke hukusanyika ndani na linaweza kupasuka usoni pako ukiwa unalitoa.

Viporo vya kuku au nyama navyo ni hazina ya asubuhi, mradi uvitunze. Viingize kwenye jokofu ndani ya saa mbili tangu vilipopikwa, uvile ndani ya siku tatu au nne, na uvipashe mpaka vitoe mvuke hadi katikati, yaani nyuzi joto 74. Masharti hayahaya yanahusu dengu zako. Mayai ya kuchemsha yanakaa wiki moja humo yakiwa na maganda yake, kwa hiyo chemsha manne kwa mara moja na uyakate kwenye mchuzi wa moto kila unapoyahitaji.

Sasa unaona kwamba upweke wa sahani yako haukuongezei kazi. Mayai mawili huiva upesi kuliko kumi, kikaango kidogo hupata moto upesi kuliko kikubwa, na sufuria moja ya dengu, ambayo kwetu huisha kwa kikao kimoja, wewe inakulisha asubuhi tatu.

Katika majibu yako nijulishe kama jokofu lako lina sehemu ya kugandisha inayofanya kazi vizuri. Ikiwepo, pika dengu mara mbili ya kiasi nilichokutajia, ugandishe nusu, na ukihamishe chombo kimoja kwenye sehemu ya chini ya jokofu kila usiku, ili ukute kimeyeyuka alfajiri.

Wasalaam,
Mama yako akupendaye