Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: bustani zetu za uani

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, mimi sitamwingilia. Yangu ni ya udongoni.

Nianze na lililotuuma. Januari tuligawana miche ya midimu iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha mdimu kimeungwa juu ya shina la mti mwingine, na kufika Juni mingi ilikuwa kuni. Mlimlaumu muuza miche, nami nikawaunga mkono, mpaka nilipong'oa wangu pale kando ya bomba. Ulitoka na kiriba chake cheusi, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche. Nilikuwa nimekichana kitako tu, nikijua mizizi itapata njia. Wapi! Ilikuwa imejizungusha humo ndani kama kamba iliyokunjwa ndooni. Nikapita kwa wenzangu watatu, tukafukua, hali ni ileile. Muuza miche tumwache.

Kosa la pili ni la uongozi, yaani langu. Januari hapa Dar es Salaam si mwezi wa kupanda mti. Vuli imekwisha, kaskazi inavuma, na mchanga wetu haushiki maji hata ya ndoo mbili. Tulipaswa kungoja masika. Bei ilikuwa nzuri, nikaingia tamaa.

Mama mmoja wa mtaa wa pili hakutusikiliza, na mdimu wake ndio unaopendeza kuliko yote. Alichimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, akauweka kando udongo wa juu, akauchanganya na debe la samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Alipanda mwishoni mwa Machi, kovu la kubebeshea, pale miti miwili ilipoungwa, likabaki juu ya udongo, kisha akatandaza majani makavu bila kugusa shina. Hadi leo, chipukizi likitokea chini ya kovu analikata: hilo ni la shina lililobeba, mara nyingi mlimao, na ukililea utavuna usichokipanda.

Wenye visima vya maji ya chumvi, midimu isahauni. Majani huungua ncha, halafu yanapukutika. Jaribuni mkomamanga, ni mvumilivu zaidi. Mnazi nao unavumilia chumvi, lakini mnazi kwenye ua wa hatua sita ni kesi na jirani. Mwarobaini usikaribie ukuta wala chemba.

Mboga hazina maneno mengi. Mchicha tulikula ndani ya wiki nne. Matembele yalishika hata kwa wavivu: kipande cha urefu wa rula, vifundo viwili vitatu ndani ya udongo, kwenye kiroba kilichotobolewa chini.

Kwa masika yajayo kamati inapendekeza mipapai. Shimo moja miche mitatu, msing'oe hata mmoja mpaka itoe maua. Ule wenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni dume, uondoeni mbakize jike mmoja. Dume mmoja hutosha majike kumi na zaidi, na mtaani kwetu madume hayakosekani.

Miche itagawiwa Jumamosi ya kwanza mvua zikishashika. Kila mche utatoka na wembe wake wa kuchania kiriba juu hadi chini. Mweka hazina ameshalalamikia bei ya nyembe.